Oili gani inafaa ATV za kazi mchangani? Honda TRX420 na ya Kichina 200cc, Mwanza

Kayenze_Mwaloni

Wakuu habari za humu. Naomba mchango wa wanaozijua hizi pikipiki za magurudumu manne.

Zipo mbili, zinafanya kazi ufukweni huku Kayenze. Ya kwanza ni Honda TRX420 ya gia za mguu, 4x4, ina rejeta, imenunuliwa used na kitabu chake hakikuja nayo. Ya pili ni ya Kichina, 200cc, inapozwa na upepo, ina kabureta, inasukuma magurudumu ya nyuma tu kwa cheni. Kazi yake ni kutoa mitumbwi majini na kuvuta tela la kreti za samaki na barafu mpaka barabarani. Ni mchanga mwanzo mwisho, gia ya kwanza na ya pili, kuanzia alfajiri mpaka jua likishakuwa kali.

Kwenye maduka ya spea mjini kila mtu ana lake. Mmoja anasema weka 20W-50 ya gari la petroli, oili nzito ndiyo inalinda. Mwingine anasema namba 40 ya kupimiwa kwenye pipa inatosha. Wa tatu ananipa 10W-40 ya pikipiki, bei juu kuliko zote. Kwa sasa zote mbili zina oili nyingine ya gari la petroli, nyepesi kuliko hizo, na Honda ikibeba mzigo kwenye kilima inapiga kelele nyingi kuliko inavyosogea.

Niweke ipi, nibadilishe baada ya muda gani, na hiyo kelele inahusiana na oili au ni ugonjwa mwingine?

Fundi_Nyakato

Mkuu, anza na klachi kabla ya namba. Hiyo dalili uliyoitaja mwishoni ndiyo inayoeleza kila kitu.

Kwenye gari oili ya injini ni ya injini tu. Gia boksi ina yake, na klachi ni kavu, haiguswi na mafuta. ATV zako zote mbili zimejengwa kama pikipiki: oili moja inalainisha pistoni na kemshafti, inalainisha meno ya gia, na sahani za klachi zimezama humohumo. Oili nyingi za kisasa za magari ya petroli huwekewa dawa ya kupunguza msuguano ili gari litumie mafuta kidogo. Kwenye pistoni dawa hiyo ni nzuri. Kwenye sahani za klachi ni sumu, kwa sababu sahani kazi yake ni kushikana. Zikianza kuteleza chini ya mzigo zinapata joto, zinaungua, na unga wake unazunguka na oili kwenye injini nzima. Kelele nyingi mwendo mdogo ndiyo hiyo.

Kwa hiyo kitu cha kwanza kutafuta kwenye chupa ni JASO MA au MA2. Kiwango chenyewe ni JASO T903, cha Wajapani, kipo tangu 1998, na kinapima hasa jinsi klachi iliyozama kwenye oili inavyoshika. MA2 inashika zaidi, MA1 chini yake kidogo, na yoyote kati ya hizo inafaa kwako. MB ni kwa skuta ambazo klachi yake haigusi oili ya injini, hiyo usiweke. Upande wa API, kiwango cha Wamarekani cha ubora wa oili, kwa mashine za aina hii Honda na Yamaha wanataka SG au ya juu yake. Chupa za leo zina SJ, SL, SM au SN, na zote zipo juu ya SG, kwa hiyo hapo hutapata shida. Kinachokatazwa ni ule mduara wa API wenye maneno Energy Conserving au Resource Conserving kwenye nusu ya chini. Ukiyaona, rudisha chupa kwenye rafu, hata kama ni ya kampuni kubwa namna gani.

Sasa namba. Ile yenye W inahusu baridi. 10W hupimwa kwenye nyuzi 25 chini ya sifuri, 20W kwenye 15 chini ya sifuri. Hata alfajiri ya kipupwe Mwanza haikaribii huko, kwa hiyo usilipie 0W au 5W kwa kudhani ni bora zaidi. Namba ya pili ndiyo yenye kazi kwetu, maana inaeleza uzito wa oili ikiwa na joto la nyuzi 100. Oili ya 40 iko kati ya 12.5 na 16.3 kwa kipimo cha sentistoki, ya 50 inaanzia 16.3 hadi 21.9.

Kwa Honda yako weka 10W-40, JASO MA, nusu sintetiki ukiweza. Ina rejeta na feni, joto lake linadhibitiwa, na njia za oili zimetengenezwa kwa uzito huo. Kwa ile ya Kichina weka 20W-50 au 15W-50, JASO MA vilevile. Sababu ni kwamba injini ya upepo inategemea mwendo ili ipoe, na wewe unaiendesha kama mtu anayetembea huku injini ikizunguka kwa nguvu zote. Upepo hakuna. Oili ndiyo inayobeba joto kubwa, na ikichemka lazima bado iwe na mwili wa kutenganisha chuma na chuma.

Watu wengi hawajui hili: oili ya namba mbili inapata tabia hiyo kwa kuwekewa polima, nyuzi ndefu zinazojikunjua joto likipanda. Meno ya gia huzikatakata nyuzi hizo. Oili iliyoingia ikiwa 40 inaweza kutoka ikiwa na uzito wa 30 kabla hata haijawa nyeusi. Nafasi kati ya namba mbili ikiwa kubwa sana, mfano 5W-50 ya bei nafuu, polima ni nyingi na kinachokatwa ni kingi. Kwenye mashine ambayo gia boksi inakunywa oili ya injini, usihesabu kwa rangi. Hesabu kwa saa za kazi.

Namba 40 ya kwenye pipa achana nayo. Huoni lebo, hujui kiwango chake cha API, hujui lile pampu la mkono limechota nini kabla yako.

Igoma_Dizeli

Mbona malori na mashine za kusaga zinatumia 15W-40 ya dizeli na zinadumu? Kuna bodaboda wengi wanaiweka na klachi haitelezi. Bei yake kwa ndoo ya lita 20 ni ya chini ukigawa kwa lita. Mimi naona mnamtia jamaa gharama.

Fundi_Nyakato

Hoja yako ina ukweli nusu, kaka. 15W-40 ya dizeli, tuseme API CI-4, kwa kawaida haiwekewi ile dawa ya kupunguza msuguano, ndiyo maana klachi nyingi zinaivumilia. Ina sabuni nyingi na inastahimili kazi nzito. Zipo hata oili za dizeli ambazo chupa yake imeandikwa JASO MA. Ukipata hiyo, weka bila wasiwasi.

Tatizo ni kununua kwa kukisia. Kwenye ndoo ya dizeli unaweza kuona neno JASO ukafurahi, kumbe imeandikwa JASO DH-1, ambayo ni kipimo cha injini za dizeli na haisemi lolote kuhusu klachi. Kwenye oili za 2T utaona JASO FB, FC au FD, hizo ni za injini za kuchanganya na petroli. Neno JASO peke yake halitoshi, soma herufi zinazofuata. Na sabuni nyingi ikiungua kwenye injini ndogo inayokula oili kidogo huacha majivu juu ya pistoni na kwenye valvu. Injini ya 200cc ina nafasi ndogo ya kuvumilia hayo kuliko ya lori.

Kuhusu gharama: piga hesabu ya seti ya sahani za klachi ya Honda 420 pamoja na gasketi ya kava na ufundi. Tofauti ya bei ya oili hata kwa mwaka mzima haifiki hapo.

Dada_wa_Spea

Niongeze upande wa dukani, maana mengi yanaharibikia hapo.

Alama ya JASO kwenye chupa halisi ni kiboksi kidogo cha mstatili, mara nyingi nyuma ya chupa: juu kuna mstari wa namba na herufi za usajili, chini kuna MA au MA2. Chupa ikiwa imeandikwa tu "for motorcycles" au ina picha ya pikipiki bila kiboksi hicho, hakuna aliyekuhakikishia klachi. 4T maana yake ni injini ya mipigo minne, basi. Haimaanishi MA.

Oili bandia zipo. Angalia pete ya kifuniko, lazima ivunjike mara ya kwanza unapofungua. Chupa nyingi zina karatasi ya fedha mdomoni chini ya kifuniko. Ikiwa imekunjamana au ina gundi pembeni, usipokee. Namba ya toleo iliyochapwa kwenye chupa isifutike kwa kidole. Angalia pia alama ya ubora ya TBS. Na ukimaliza chupa itoboe au ikate kabla ya kuitupa, kwa sababu kuna watu wanaziokota kuzijaza upya.

Kitu kingine kwa ninyi wa mwaloni: oili ya mashine za boti. TC-W3 ni ya injini za boti za 2T, inachanganywa na petroli na kuungua, haina uwezo wa kubeba gia wala beringi ndani ya sampu, pale chini ya injini oili inapokaa. Usiiongezee ATV hata kama imepungua na dukani ni mbali. Ile ya boti za mipigo minne, iliyoandikwa FC-W, ni oili nzuri yenye kinga ya kutu, ila haijapimwa kwa klachi iliyozama. Nayo iache kwenye boti, labda iwe na MA pia kwenye lebo.

Kayenze_Mwaloni

Nawashukuru sana, hasa dada hapo juu, maana TC-W3 huku iko kila banda na vijana wangeweza kuiongezea bila kuuliza.

Nimeangalia jioni hii. Chupa ya oili iliyomo ina mduara wa API na chini imeandikwa Resource Conserving, kama alivyosema fundi. Je, nikimwaga na kuweka MA, klachi itarudi? Halafu nimekuta jambo jingine: ya Kichina oili imepanda juu ya alama ya mwisho, na hakuna aliyeongeza. Inanuka petroli. Naombeni pia hatua za kumwaga oili kwa kila moja.

Pasiansi_Gereji

Nianze na petroli kwenye oili, hiyo ndiyo ya haraka. Usiiwashe. Petroli imeyeyusha oili, ikizunguka hivyo beringi na kemshafti havina kinga.

Kwenye ATV za kabureta chanzo kikubwa ni sindano ya boya. Uchafu ukikaa kwenye kiti chake, au ncha ya mpira ikichakaa, petroli haikatiki. Mashine ikiwa imezimwa na koki ya tenki imeachwa wazi, petroli inapita kabureta, inaingia silinda kupitia valvu iliyo wazi, inateremka kwenye ringi mpaka kwenye sampu. Ikisafirishwa kwenye tela ikirukaruka, inazidi. Fungua bakuli la kabureta, safisha kiti cha sindano, badilisha sindano ikiwa ncha ina alama ya mduara iliyochimbika. Weka filta ndogo ya petroli kwenye mpira. Na koki ifungwe kila mashine inapozimwa, hata kwa nusu saa. Kisha mwaga oili yote na uweke mpya.

Hapohapo uliza vijana wanajaza petroli ya wapi. Wakichota kwenye dumu la boti lililokwishachanganywa 2T, plagi itapata masizi na moshi utakuwa wa bluu, halafu mtafungua injini mkidhani ringi zimekwisha. Dumu la ATV liwe na rangi yake.

Kumwaga oili, Honda. Iache inguruma dakika 3 hadi 5 ipate uvuguvugu, izime, iweke mahali tambarare. Safisha kwanza eneo la nati ya chini kwa brashi, mchanga usije ukaingia tundu likiwa wazi. Fungua nati, acha itiririke mpaka ibaki matone. Pete ya aluminiamu ya hiyo nati (washa) ibadilishwe kila mara. Ikirudiwa inavuja na mtu anaikaza nati mpaka anachana nyuzi za kesi. Nguvu ya kukaza ni kama Nm 25. Ukiwa huna spana ya kupimia, tumia spana fupi na mkono mmoja, usisimame juu yake.

Filta ya karatasi iko nyuma ya kava dogo lenye boliti kadhaa. Ndani kuna springi: inakaa nyuma ya filta, upande wa injini. Filta ina upande ulioandikwa OUT-SIDE, huo utazame nje kwako. Ikigeuzwa, oili haipiti inavyotakiwa na injini inaweza kunoki bila dalili ya mapema. Oringi ya kava ipakwe oili kidogo kabla ya kufunga.

Jaza taratibu, simama kabla ya kufika kiasi ulichotarajia. Washa dakika 3 hadi 5 ili filta ijae, zima, subiri dakika 2 au 3. Futa kijiti, kirudishe tundu kikae juu ya nyuzi bila kukizungusha, kitoe, soma. Oili iwe kati ya alama mbili, karibu na ya juu. Sheria ya kutozungusha ni ya Honda na nyingi za Kijapani. Zipo mashine ambazo kijiti hukazwa kwanza ndipo usome, kwa hiyo kila mashine na kitabu chake. Ukijaza kupita kiasi oili inapigwa na gia, inatoa povu, na povu linapita mpira wa kupumulia mpaka boksi la filta ya hewa. Ukikuta sponji ya hewa imelowa oili nyeusi, fikiria hilo kwanza.

Ya Kichina. Injini hizi za muundo wa CG, ule wa Honda CG unaoigwa na Wachina, hazina filta ya karatasi. Chini kuna kifuniko kikubwa chenye springi na chujio la waya; vinadondoka pamoja na oili, kwa hiyo kumbuka mpangilio wake kabla havijaanguka kwenye beseni. Osha chujio kwa petroli safi. Uchafu mwingine unakusanywa na kikombe kinachozunguka mwisho wa krenki, nyuma ya kava la kulia. Hicho hakifikiwi bila kufungua kava na kubadilisha gasketi, ila kwa kazi ya mchangani kifunguliwe angalau mara moja kwa mwaka. Utakuta tope gumu limejipaka ukutani, likwangue kwa kipande cha mbao au plastiki. Injini za ukubwa huu huchukua karibu lita moja, wakati mwingine zaidi kidogo. Lita moja tu ndiyo inayofanya kazi yote hiyo, ndiyo maana inachoka upesi.

Msisafishe injini kwa kuweka dizeli au mafuta ya taa ndani na kuiwasha. Kinachobaki kwenye mikunjo ya kesi kinaifanya oili mpya kuwa nyepesi mara moja.

Fundi_Nyakato

Kuhusu klachi kurudi: inawezekana. Mwaga, weka MA na filta mpya, fanya kazi nyepesi saa 10 hivi, mwaga tena. Sahani hunyonya ile dawa na hutoa polepole. Ikiwa hazijaungua, zitashika. Ukinusa oili inayotoka na ina harufu ya kuungua kama breki za lori linaloteremka mlima, au kuna unga mweusi wa nyuzinyuzi chini ya beseni, nunua sahani, usipoteze muda.

Kabla ya kununua rekebisha kwanza klachi, ni bure. Kwenye Honda ya gia za mguu kuna skrubu yenye nati ya kufungia kwenye kava la klachi. Legeza nati. Zungusha skrubu kinyume cha saa mpaka uhisi ugumu, kisha irudishe robo mzunguko kwa mwelekeo wa saa. Ishike skrubu kwa bisibisi isigeuke huku ukikaza nati. Ikiwa imekazwa vibaya, sahani hazibanwi hadi mwisho na zitateleza hata kwenye oili bora kabisa.

Jaribio: barabara tambarare, gia ya tatu, mwendo wa wastani, fungua mafuta ghafla. Mlio ukiruka juu na mwendo usiupate, klachi bado inateleza.

Muda wa kubadilisha. Ratiba ya Honda kwa TRX420 ni saa 20 za kwanza kwa mashine mpya, kisha kila saa 100 au kilomita 1,000. Kilomita zisahau, hizo ni za anayetembea. Wewe unaweza kufanya kazi siku nzima na mita isiongeze kilomita 20. Kwa mchanga, mzigo na maji, kata nusu: saa 50. Mashine ikifanya kazi saa 4 kwa siku, siku 6 kwa wiki, hiyo ni wiki mbili hivi. Ya Kichina mwaga kila saa 25 hadi 30. Naona ni bora MA ya kawaida inayomwagwa kwa wakati kuliko sintetiki ya ghali inayoachwa miezi mitatu kwa sababu ilikuwa ghali. Fungeni kidaftari kwenye tela, kijana aandike saa kila jioni.

Na filta ya hewa, mkuu, hiyo inaua injini nyingi kuliko oili mbaya. Mchanga mkavu wa ufukweni ukipita sponji unaingia silinda, unasaga ringi, na unaishia kwenye oili, ambayo inaubeba kwenda kila beringi. Vueni sponji kila wiki: ioshe kwa mafuta ya taa, kisha maji na sabuni, ikamue kwa kuibana na viganja, usiisokote, itachanika. Ikauke kabisa kivulini. Ipake oili ya filta, au oili ya injini safi kama hiyo haipo, ibane mpaka isidondoke tone. Kingo za boksi zipakwe grisi nyembamba. Sponji kavu haizuii vumbi laini.

Nansio_4x4

Samahani kuingilia, kuna Polaris Sportsman na Yamaha Grizzly huku Ukerewe, zote za mkanda badala ya gia za mguu. Nazo ni MA?

Fundi_Nyakato

Mkanda usikudanganye. Grizzly ina mkanda, lakini kabla ya mkanda kuna klachi inayojifunga kwa mzunguko, na iko ndani ya oili. Yamaha wanataka MA. Polaris mkanda na klachi zake ni kavu, na gia boksi ina oili yake pembeni, kwa hiyo MA si lazima kwa klachi. Kwa injini Polaris wanatumia PS-4, sintetiki kamili ya 5W-50. Nilisema juu kuwa namba zenye nafasi kubwa huchoka upesi kwa sababu ya gia. Hapo gia hazipo ndani ya oili ya injini, na sintetiki nzuri inahitaji polima chache. Fuata wao.

Kayenze_Mwaloni

Nimeelewa vizuri sana wakuu. La mwisho: Honda inaingia majini kutoa mitumbwi, wakati mwingine maji yanafika usawa wa siti. Nitajuaje kama yameingia kwenye oili, na difu (gia za ekseli za mbele na nyuma) nazo ziwekewe hiyohiyo 10W-40?

Pasiansi_Gereji

Oili yenye maji hubadilika rangi kama chai ya maziwa. Tofautisha: ukungu mweupe kidogo chini ya kifuniko tu, huku oili kwenye kijiti ikiwa safi, ni mvuke wa injini inayowashwa muda mfupi bila kupata moto. Ikiwa kijiti kizima ni cheupe, ni maji. Kama mashine haijazama na maji ya rejeta yanapungua, chunguza sili ya pampu ya maji na gasketi ya hedi.

Ikizama, itolewe kwa kusukumwa. Isiwashwe, kwa sababu maji hayabaniki na fimbo ya pistoni itapinda. Toa plagi, toa maji kwenye boksi la hewa na uvue sponji, kisha piga stata kwa vipande vifupi mpaka tundu la plagi liache kutema. Mwaga oili: maji ni mazito, yatatangulia. Weka MA ya bei nafuu, washa dakika 5 bila mzigo, mwaga. Rudia na filta mpya mpaka itoke bila weupe. Mara nyingi ni mizunguko miwili au mitatu. Ifanyike siku hiyohiyo, maana beringi zikilala na maji usiku mmoja zinapata kutu, na kesho zinalia. Oili chafu iingie kwenye dumu na irudi gereji. Isimwagwe mchangani. Sheria ya Mazingira ya 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, na maji hayo ndiyo tunayokunywa.

Difu, hapana, 10W-40 haiingii. Zinataka oili ya gia ya haipoidi, Honda wanataja SAE 80. 80W-90 ya GL-5 dukani ndiyo utakayoikuta kirahisi na inafanya kazi. Ya mbele na ya nyuma kila moja ina nati yake ya kujazia: jaza mpaka oili ifike ukingo wa chini wa tundu mashine ikiwa tambarare. Kwa kazi yako fungua nati za kumwagia kila wiki, acha litoke tone moja ulione. Likiwa jeupe, fuata mpira wa kupumulia wa difu hiyo mpaka mwisho wake. Mara nyingi umechomoka au umepasuka chini ya usawa wa maji: difu iliyopata moto ikitumbukia ziwani inapoa ghafla na kuvuta maji kupitia hapo. Upandishe mpira mpaka karibu na usukani, ufunge kwa waya wa plastiki, mdomo utazame chini. Mpira ukiwa mzima na bado oili inatoka nyeupe, badilisha sili za ekseli za upande unaolowa.